Pipi ya Tangawizi Juu ya Boksi

Nyama huoza. Embe huoza. Hata gogo la mtiki, likiachwa mvuani miaka mingi, huota uyoga likawa unga. Jina zuri nalo huweza kuchafuka kwa asubuhi moja tu. Wahenga waliviangalia vyote hivyo viharibikavyo, wakatafuta kimoja kisichoharibika, wakatuachia kwa maneno mawili: wema hauozi. Walimaanisha kwamba jambo jema ulilomtendea mtu halipotei, hata kama mtu huyo humjui, hata kama hakukushukuru. Hukaa mahali likingoja siku yake. Mwenye shaka na asikilize habari za Warsiti, mjane wa mji wa Tulungagung, aliyeishi kwa maana ya maneno hayo maisha yake yote, na ambaye juma moja la mwezi wa Agosti nusura ayakane.

Warsiti alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mwenye vidole vilivyoshika rangi ya chai. Rangi hiyo ilitokana na majani makavu ya mkungu, ambayo aliyaloweka katika maji ya samaki wake ili wasiugue. Uani kwake, chini ya paa la bati, chupa za kioo zilipangwa juu ya rafu, safu juu ya safu, na katika kila chupa aliogelea samaki mmoja tu, mdogo kama kidole gumba, mwenye mapezi mapana kama kitambaa cha hariri. Hao ndio samaki wapiganaji, wanaofugwa kwa mapambo. Kati ya chupa na chupa alisimamisha kipande cha boksi, kwa maana madume wawili wakionana hutunisha mashavu na kukipiga kioo mpaka mapezi yachanike. Kila asubuhi aliviondoa vipande hivyo kwa kitambo kidogo, wakatishana na kunyoosha mapezi, kisha akavirudisha.

"Basi, mmeshasalimiana," aliwaambia. "Kila mtu na nyumba yake."

Kazi hiyo aliianza na marehemu mumewe, Kusnan. Kusnan alikuwa na ndoto moja iliyomkalia kichwani kama kofia: kumpata samaki mweupe mwili mzima na mwekundu mapezi yote, bila doa la rangi nyingine, kama bendera ya nchi yao. Kila uzao ulipotoka ulikuwa na kasoro yake. Mara doa jeusi mdomoni, mara mng'ao wa buluu mkiani. Kusnan alicheka, akachagua jozi nyingine, akaanza upya. Aliaga dunia kabla hajamwona. Warsiti aliendelea kuchagua na kuzalisha, bila haraka, kama mtu anayemalizia shati ambalo mwenziwe aliliacha bila mikono. Na mwaka huo, katika beseni la mwisho karibu na kisima, dume mmoja akatoka mweupe kama wali, na mapezi mekundu kama pilipili iliyoiva. Warsiti alimtazama mpaka chai yake ikapoa.

Kila Agosti, siku ya Uhuru, mnada wa mtandaoni ambako Warsiti aliuza samaki wake ulifanya mnada maalumu wa samaki wenye rangi za bendera. Samaki aliyepata mnunuzi siku hiyo, jina la ukoo wake liliandikwa katika orodha ya wafugaji, na tangu hapo wafugaji wa nchi nzima waliuita ukoo huo kwa jina hilo. Warsiti alitaka jina hilo liwe Kusnan. Wala hakuwa na nafasi ya kungoja mwaka mwingine, maana samaki hawa maisha yao ni mafupi. Agosti ijayo dume huyo angekuwa mzee mwenye mapezi yaliyochakaa.

Kuuza kwa mnada wa simu si lelemama. Anayeuza ndizi sokoni humwona mnunuzi usoni. Muuzaji wa mtandaoni huona jina tu, na jina lenyewe la kujipachika. Warsiti alikwisha kuyaonja mengi. Kulikuwa na wapandishaji dau waliopanda mpaka juu, wakashinda, kisha wakatoweka kama moshi, wakamwacha na samaki mkononi na aibu ya kumrudia mshindi wa pili. Mteja mmoja alilalamika kwamba ametumiwa maji machafu ya rangi ya chai, na Warsiti akamweleza kwa upole habari za mkungu. Mwingine aliwatia madume wawili katika bakuli moja ili wasione upweke, kisha akauliza kwa nini wote wamechanika. Na kila Warsiti alipowaandikia wenye mnada kuomba msaada, alijibiwa na mashine: Asante kwa kuwasiliana nasi, ujumbe wako ni muhimu kwetu. Mashine ile ilikuwa na adabu ya mtu anayekufungia mlango polepole.

Hata hivyo yeye hakubadilika. Katika mnada ule ilikuwa desturi kwamba mteja anayedai samaki wake amefika akiwa amekufa lazima aonyeshe video aliyopiga wakati wa kufungua boksi, bila kukatwa. Warsiti aliiondoa kanuni hiyo dukani kwake. Wateja wake wengine walikuwa wazee ambao mkono mmoja uliwatetemeka na wa pili haukujua kushika simu. "Mtu akinipigia kuniambia samaki wake amekufa," alisema, "mimi nimpe pole kwanza, au nimwambie lete ushahidi?" Picha moja ilimtosha, akatuma samaki mwingine.

Tena alikuwa na mazoea mengine, yaliyowachekesha jirani. Siku moja ya jua kali, Ngatno, kijana wa pikipiki aliyekuja kuchukua vifurushi vyake, alisimama mlangoni midomo imemkauka. Warsiti alitia mkono mfukoni akampa pipi ya tangawizi. Ngatno alifurahi kuliko thamani ya pipi yenyewe. Alipokwisha kuondoka, Warsiti alibaki akifikiri. Huyu nimemwona nikampa. Je, wale nisiowaona? Boksi lile lilikuwa linakwenda kushikwa na watu wengi, ghalani, melini, garini, mpaka mlango wa mteja. Tangu siku hiyo, juu ya kila boksi alibandika kwa selotepu pipi za tangawizi, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: Ndani kuna uhai. Tafadhali nipe kivuli. Asante wewe uliyenibeba. Chukua pipi moja, na mwenzako umwachie yake.

Jirani yake Pardi naye alikuwa mfugaji. Alikuwa rafiki wa Kusnan tangu utoto, na kwa hiyo alimwita Warsiti shemeji. Boksi zake yeye zilikuwa na maandishi mekundu ya kutisha: atakayelitupa boksi hili atafikishwa mbele ya sheria.

"Shemeji, wewe unauza samaki au unafungua duka la peremende?" alimwuliza siku moja, akiwa ameegemea ukuta wa uani. "Hao watu huwajui, nao hawakujui. Wataila pipi, boksi watalirusha vilevile."

"Wakilirusha, watalirusha mdomo ukiwa mtamu," alijibu Warsiti, akaendelea kubandika.

Siku chache kabla ya siku ya Uhuru, malalamiko yakaingia. Mteja mmoja wa Banjarmasin, ng'ambo ya bahari, aliyejiita Sultani wa Mapezi, alidai kwamba dume wa buluu aliyemnunua kwa Warsiti alifika amekufa. Aliweka picha ya samaki mdogo aliyekakamaa juu ya karatasi. Warsiti aliitazama mara mbili. Samaki yule alikuwa wa buluu kweli, lakini mkia wake ulikuwa mfupi wa mviringo. Dume aliyemtuma alikuwa na mkia mrefu wa kugawanyika. Hata mtoto asiyejua kufuga angeona kwamba hao ni samaki wawili mbalimbali.

Lakini Sultani hakudai fedha zake tu. Alijaza pia sehemu ya kumtuhumu muuzaji kuwa ni tapeli anayetuma samaki waliokufa kwa makusudi. Dakika hiyohiyo mnada ukalifunga duka la Warsiti mpaka uchunguzi uishe, na duka lililofungwa haliingizi samaki katika mnada wa Uhuru. Angeweza kurudisha fedha ugomvi ukaisha, lakini kanuni zilisema kwamba anayerudisha fedha amekubali kosa, na alama ya utapeli ingebaki juu ya jina lake.

Akaandika kueleza habari za mkia. Mashine ikamshukuru kwa kuwasiliana. Akaandika tena, akaomba mteja atakiwe kuleta video. Mashine ikamjibu kwamba kwa utaratibu aliouweka mwenyewe dukani kwake, video haihitajiwi, picha yatosha. Akaandika mara ya tatu kuomba azungumze na mtu mwenye macho. Mashine ikamwambia atajibiwa baada ya siku kumi na nne za kazi.

Pardi alipozipata habari alikuja mbio, kandambili zake zikipiga kelele njia nzima. Alisoma majibu yote katika simu ya shemeji yake, akatikisa kichwa.

"Kamba umeisokota mwenyewe, na shingoni umejivika mwenyewe," alisema. "Nilikwambia uache kanuni ya video palepale ilipo. Unaona sasa? Wema wako ndio uliompa mwizi ufunguo."

Pardi alimwona Warsiti anavyozitazama chupa, sauti ikamshuka. Alisema angemwingiza dume yule mnadani kupitia duka lake yeye, ikiwa shemeji anataka. Lilikuwa jambo la kiungwana, na Warsiti alilitambua. Lakini samaki aliyeingia kwa duka la Pardi angeandikwa kwa jina la ukoo wa Pardi. Ndivyo kanuni zilivyokuwa. Alimshukuru akasema afadhali angojee kidogo. Pardi aliondoka akisonya, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya dunia.

Asubuhi iliyofuata Warsiti alibakiwa na samaki mmoja tu wa kutuma, aliyekwisha kuuzwa kabla ya duka kufungwa. Alimtia katika mfuko wa nailoni, akajaza hewa, akafunga, akaweka jani la mkungu, akaziba boksi. Kisha akachukua pipi za tangawizi, na mkono ukasimama hewani. Maneno ya Pardi yalimrudia. Wema wako ndio uliompa mwizi ufunguo. Alizirudisha pipi mkebeni, akafunika.

Alilitazama lile boksi lisilo na kitu juu yake. Lilionekana kama mtoto aliyepelekwa safari bila kuagwa. Hatimaye akajisemea, "Aliyenikosea ni mmoja. Hawa wabebaji wamenikosea nini?" Akafunua mkebe, akabandika pipi zote, akaandika maneno yake yaleyale, ila safari hii mwandiko ulipinda kidogo.

Ngatno alipokuja aliuona mwandiko ule kabla hajauona uso wa mwenyewe.

"Mama, leo herufi zako zinalia," alisema. "Kuna nini?"

Warsiti alisema hakuna kitu. Ngatno alizima pikipiki, akavua kofia yake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo, ilhali mkoba wake ulikuwa umejaa vifurushi. Warsiti akamweleza yote. Alipofika kwenye jina la Kusnan, alianza kupanga vipande vya boksi ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Ngatno aliuliza jambo moja tu. Nambari ya kifurushi kile cha Banjarmasin bado anayo? Warsiti alikuwa nayo. Ngatno akaipiga picha, akapiga picha pia ya boksi la siku ile lenye pipi juu.

"Sisi wabebaji tuna kikundi chetu simuni," alisema. "Humo tunalalamikia mabosi na kutumiana picha za mbwa waliotufukuza. Ngoja niwaulize."

Warsiti hakutia matumaini. Kikundi cha watu wa pikipiki kingeweza nini mbele ya mashine isiyosikia? Lakini kabla hajamaliza kuanika nguo, simu ya Ngatno, aliyekuwa bado mtaani mwao, ilianza kulia kama chungu cha mahindi ya bisi. Alirudi mbio akamwonyesha. Mtu wa ghala la Kediri aliandika: huyu ndiye Mama Pipi? Mtu wa Surabaya akajibu kwamba yeye huziweka boksi za Mama Pipi kando ya feni, na bosi wake hajui. Mwingine, mpakiaji wa bandarini, alisema siku aliyozikwa baba yake alikuja kazini bila kula, akakuta pipi ya tangawizi juu ya boksi na neno asante, akalia nyuma ya forklifti, lile gari la kuinulia mizigo. Mwingine akamtania kwamba alilia kwa sababu pipi ilikuwa moja. Wakacheka kwa vibonzo vya nyuso. Kisha wakaanza kuulizana, ghala kwa ghala, ni nani aliyelibeba boksi lenye nambari hiyo.

"Wananijua?" aliuliza Warsiti.

"Mama, kutoka hapa mpaka Kalimantan ng'ambo, anayekujua kwa sura ni mimi peke yangu. Kwa jina la Mama Pipi wanakujua wote."

Warsiti alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akasema moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jioni hiyo, kabla ya adhana ya magharibi, ujumbe ukaingia kutoka Banjarmasin. Aliyeandika aliitwa Syahrani, mbebaji anayefikisha vifurushi katika mitaa ya mbao iliyojengwa juu ya mito ya mji ule. Alilikumbuka boksi vizuri. Alikuwa amelificha chini ya koti lake siku nzima kwa sababu ya yale maneno, ndani kuna uhai, na alipofika mlangoni alimwomba mteja alifungue mbele yake, apate kuuona huo uhai aliokuwa ameubeba. Mteja alikubali kwa fahari. Syahrani akapiga video ili amwonyeshe mkewe. Hiyo hapo.

Warsiti, Ngatno na Pardi, aliyevutwa na kelele, waliinama juu ya simu moja. Kijana mwenye masharubu machanga alisimama mlangoni, nambari ya nyumba juu ya kichwa chake, akiinua mfuko wa nailoni. Ndani yake dume wa buluu mwenye mkia mrefu wa kugawanyika alitunisha mashavu akatisha dunia nzima. Kando ya kidole cha kijana lilionekana boksi, na juu yake alama ya selotepu palipokuwa na pipi.

"Haya," alisema Pardi taratibu. "Maiti gani hii yenye hasira?"

Walituma video kwa wenye mnada palepale. Mashine ikawashukuru kwa kuwasiliana, ikawakumbusha zile siku kumi na nne za kazi. Pardi nusura aitupe simu kisimani. Mnada wa Uhuru ulikuwa kesho kutwa.

Ilibaki njia moja tu. Mlalamikaji mwenyewe akiyafuta malalamiko yake, duka hufunguka saa ileile. Syahrani akaandika kwamba nyumba ile anaijua na kesho ana kifurushi cha kupeleka mtaa huohuo. Wenzake kikundini wakapandwa na moto. Mmoja alisema video irushwe kila mahali, mji mzima umwone Sultani na uongo wake. Mwingine alisema wabebaji wote wa Banjarmasin waende pamoja wakapige honi mlangoni kwake. Pardi aliunga mkono la honi.

Warsiti aliiomba simu. Aliandika polepole kwa kidole kimoja, na wote wakangoja. "Mwanangu Syahrani, asante. Nenda peke yako. Huenda anaishi na mama yake; usimwaibishe mbele ya mama yake. Mwonyeshe tu, umwambie mimi sina deni naye."

Syahrani alikwenda. Aliyemfungulia mlango alikuwa mama kweli, mzee mchangamfu mwenye unga mikononi. Syahrani alimwuliza kwa adabu hali ya samaki wa buluu. Mama akasema samaki yu mzima, anakula kuliko yeye, na mwanawe amemweka dirishani kila mpita njia amwone. Akamwita mwanawe, Fahriadi. Fahriadi alitoka, akamwona aliyesimama mlangoni, na uso ukambadilika. Syahrani alingoja mpaka mama aliporudi jikoni. Ndipo akamwonyesha video, na chini yake maneno ya Warsiti. Alieleza baadaye kwamba video ile kijana aliivumilia. Yaliyomvunja ni maneno. Aliketi juu ya ubao wa mlangoni, miguu ikining'inia juu ya maji, akafuta malalamiko yake kwa mkono wake mwenyewe.

Na huko Tulungagung duka likafunguka. Muda mfupi baadaye Fahriadi alimwandikia Warsiti. Alikiri kwamba alimnunua samaki kwa bei kubwa kuliko aliyomwambia mkewe, akaingiwa na hofu, akaokota picha ya samaki wa mtu mwingine ili arudishiwe fedha. Aliomba radhi. Warsiti alimjibu kwamba amemsamehe, kwamba mke aambiwe bei ya kweli siku atakayokuwa ameshiba, na kwamba jani la mkungu libadilishwe kila mwezi.

Siku ya Uhuru ilipambazuka na bendera kila mlango. Katika uwanja wa mtaa watoto walikimbia ndani ya magunia, akina mama walivutana kamba, na katikati ulisimamishwa mpopoo mrefu uliopakwa mafuta, zawadi zikining'inia kileleni, vijana wakipanda na kuteleza, wakipanda na kuteleza. Warsiti aliketi kwenye benchi pembeni ya uwanja, simu mapajani, Pardi kulia kwake, Ngatno kushoto akiwa bado na koti la kazi. Picha ya dume mweupe wa mapezi mekundu ilikuwa mnadani. Hakuitia urembo wowote. Aliipiga mchana, kwenye mwanga wa kawaida, chupa ikiwa juu ya ukingo wa kisima.

Dau likaanza chini, likatambaa. Kisha mtu mmoja asiye na jina wala nyota hata moja ya uaminifu akaruka juu kwa kishindo, akawaacha wengine mbali. Warsiti aliwajua watu wa namna hiyo. Hushinda, kisha hutoweka, na mnada ambao mshindi wake ametoweka hauandiki jina la ukoo wowote.

"Mkimbizi huyo," alinong'ona Pardi. "Namjua kwa mruko wake."

Dakika za mwisho zikaingia. Uwanjani vijana waliacha kushindana wakaanza kushirikiana; mmoja alipiga magoti chini ya mpopoo, wa pili akapanda mabegani kwake, wa tatu akapanda mabegani kwa wa pili. Hapo jina likatokea simuni ambalo kila mfugaji alilijua: Ester Lumowa wa Manado, mama mzee ambaye hajawahi kulikimbia dau lake tangu mnada uanzishwe. Alimpita yule asiye na nyota kwa hatua moja ndefu. Yule akajaribu tena. Bi Ester akampita tena, bila haraka, kama mtu anayesogeza kiti. Muda ukaisha. Uwanjani ikasikika kelele kubwa, maana kijana wa nne alikuwa amekishika kilele cha mpopoo, na Pardi, ambaye hakujua anashangilia nini kwanza, alishangilia vyote viwili.

Dau la ushindi lilitosha kununua ng'ombe na ndama wake. Lakini Warsiti alikuwa akingoja kitu kingine. Ujumbe wa Bi Ester ukaja, na malipo pamoja nao.

"Nimefuga miaka mingi, sijaona weupe safi namna hii," aliandika. "Ukoo huu unaitwaje?"

Warsiti aliandika herufi sita. Muda si muda zikatokea katika orodha ya wafugaji, mbele ya macho ya nchi nzima: Kusnan. Aliigusa simu kwa kidole chake chenye rangi ya chai, kama mtu anayemfuta mwenziwe vumbi begani. Pardi aligeuka akajifanya anatazama mpopoo. Ngatno naye akavaa kofia yake ya pikipiki, akaushusha mpaka ule uso wa kioo, ingawa alikuwa ameketi kwenye benchi.

Kesho yake dume wa bendera alifungiwa safari ya Manado. Boksi lilipita Kediri, likapita Surabaya, likawekwa kando ya feni. Kila aliyelishika alichukua pipi moja akamwachia mwenzake yake, na mmoja, hatujui ni nani, aliandika kwa kalamu pembeni ya maandishi ya Warsiti: Hongera, Mama Pipi. Bi Ester alimpokea samaki akiwa mzima, mwenye hasira, na juu ya boksi imesalia pipi moja. Akaila.

Siku chache baadaye Warsiti aliporudi kutoka sokoni alimkuta Pardi uani kwake, amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa, boksi lake kwapani. Yale maandishi mekundu ya sheria yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi nyeupe. Juu yake alikuwa amebandika pipi moja, imepinda, na selotepu imetumika nyingi kuliko inavyohitajika.

"Shemeji," alisema bila kumtazama, "yale maneno yako huandikwaje? Yangu mimi yakisomwa yanafanana na amri."

Warsiti alicheka mpaka samaki wakashtuka chupani. Akachukua kalamu, akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwandikia. Na wewe unayesoma, ukiona tendo lako jema limekaa kimya usilione limekufa; liache lisafiri, mkono kwa mkono, litafika. Nyama huoza, samaki huoza, hata mtiki huoza, wema hauozi.